Anayengoja Majibu Si Mtuhumiwa

Ziko siku ambazo mfanya kazi huzihesabu kwa uchungu kuliko anavyozihesabu siku za kungoja mshahara. Nazo ni zile zilizo baina ya kupimwa damu na kupata jibu la mwisho, jibu lisilo na "labda" ndani yake, la kama anavyo virusi vya UKIMWI au hana. Katika Mabibo, kuanzia vibanda vya Mahakama ya Ndizi mpaka viwanda vya nguo vya External, wako watu ambao wameamka alfajiri, wamepanda daladala, wameshika kazi zao kama kawaida, na wenzao walio kando yao hawajui kwamba mioyoni mwao wamebeba tarehe moja tu. Watu hao hawana chama wala msemaji. Hawawezi kupaza sauti, kwa kuwa kupaza sauti ni kujitangaza. Kwa hiyo twaona yatupasa sisi kusema kwa ajili yao.

Juu ya kupima yamesemwa mengi katika nchi hii, na juu ya dawa vile vile. Lakini juu ya muda ulio katikati pametanda kimya. Mtu huambiwa, "Rudi baada ya miezi mitatu," akapewa kikaratasi, na mlango ukafungwa nyuma yake. Miezi mitatu ni siku 90, na siku 90 zina usiku 90. Nani anayemwambia mtu huyo namna ya kulala katika usiku hizo? Nani anayemweleza la kufanya mkono unapotetemeka juu ya cherehani, au chakula kinapokataa kupita kooni? Sisi twasema kwamba kungoja huko ni sehemu ya matibabu, wala si nafasi tupu iliyo kati ya matibabu na matibabu, na kwamba taifa linalomwita mtu aje kupimwa lina wajibu wa kukaa naye mpaka jibu lipatikane.

Kwanza yafaa tueleze kwa nini kungoja kupo, maana jambo lisiloelezwa huzaa dhana mbaya. Kipimo cha haraka kinachotumika katika zahanati zetu, kile cha tone la damu ya kidole, hakivitafuti virusi vyenyewe. Hutafuta askari ambao mwili huwatengeneza ili wapigane na virusi. Askari hao hawaundwi kwa siku moja. Kwa watu walio wengi huanza kuonekana katika majuma machache ya kwanza. Kwa wengine huchelewa kidogo. Na kwa karibu watu wote huwa wamekwisha onekana ifikapo miezi mitatu tangu siku ya hatari. Mtu akipimwa juma moja baada ya siku hiyo, kipimo kitasema hana, na kitakuwa kimesema kweli kwa kadiri ya macho yake; lakini macho yake hayajafika. Viko vipimo vya maabara kubwa vinavyotafuta virusi vyenyewe, navyo huona mapema zaidi. Hata hivyo havipatikani kwa kila anayevitaka, wala navyo havioni kitu katika siku za kwanza kabisa. Basi muuguzi anapomwambia mtu arudi, hamfichi neno. Anangoja mwili wa mtu huyo useme.

Pili, liko jibu linalowatia watu kiwewe kuliko yote, yaani kipimo cha kwanza kuonyesha alama mbili. Wengi waionapo alama ya pili hudhani mambo yamekwisha. Sivyo. Kipimo kimoja hakitoi hukumu, na tufanye hesabu ndogo ili jambo hili lieleweke. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba wamepimwa watu 1,000, na kati yao 40 wanavyo virusi kweli. Tuseme tena kwamba kipimo hukosea mara moja tu katika kila watu 100 wasio na virusi. Wale 40 wataonekana. Lakini katika wale 960 waliobaki, watu kama 10 nao wataonyeshwa alama kimakosa. Hivyo katika watu 50 walioonyeshwa alama, 10 hawana kitu. Ndiyo sababu kanuni zinataka kipimo cha pili cha aina nyingine, na tangu 2019 Shirika la Afya Duniani limeshauri vipimo vitatu vikubaliane kabla mtu hajaambiwa kwamba anavyo virusi. Vipimo vikipingana, mtu huambiwa arudi baada ya siku 14. Siku 14 hizo hazina maana kwamba daktari amejua na anaogopa kusema. Maana yake ni kwamba hajajua, naye ni mwaminifu kiasi cha kukataa kubahatisha juu ya maisha ya mtu.

Vivyo hivyo kwa wale wanaojipima wenyewe nyumbani, jambo ambalo sheria yetu imeliruhusu tangu marekebisho ya 2019. Kipimo cha nyumbani chenye alama ni wito wa kwenda zahanati, basi. Anayekaa chumbani peke yake na kifaa hicho, akajiandikia wosia usiku ule ule, amejifanya hakimu katika kesi ambayo ushahidi wake haujakamilika.

Majirani zetu wa Uganda walikwisha jifunza jinsi kungoja kunavyoweza kumshinda mtu. Mwaka 1990 kilifunguliwa Kampala kituo cha habari za UKIMWI, kimoja cha vituo vya kwanza kabisa katika Afrika ambapo mtu aliweza kwenda kupimwa kwa hiari yake. Siku zile damu ilipelekwa maabara, na mpimwaji aliambiwa arudi baada ya majuma mawili. Wengi hawakurudi. Walikuwa na ujasiri wa kutoa damu, wakakosa ujasiri wa kurudi, kwa maana majuma mawili yaliwala ule ujasiri kidogo kidogo. Mwaka 1997 kituo kile kikaanza kutumia vipimo vya haraka, na mtu akapata majibu yake siku ile ile. Kwetu nako vituo vya Angaza, vilivyoanza 2001, vilifuata njia hiyo. Na tarehe 14 Julai 2007, Rais Jakaya Kikwete na Mama Salma Kikwete walipimwa hadharani hapa Dar es Salaam, katika viwanja vya Mnazi Mmoja, ili kuwatoa wananchi hofu. Majuma mawili yakageuka kuwa nusu saa. Lakini ile miezi mitatu ya mwili kutoa ushahidi wake, hakuna mtambo ulioiondoa katika zahanati zetu. Kwa hiyo kazi ya kumsaidia anayengoja haikwisha kwa kupatikana vipimo vya haraka. Ilihamia mahali pengine tu, na huko haina mwenyewe.

Wako watu, na wengine ni wenye heshima zao, wasemao kwamba hofu hii ni njema. Ati mtu aachwe akione cha moto siku 90, ili siku nyingine ajue kujizuia. Hatuwezi kukubaliana nao hata kidogo. Nchi hii imekwisha jaribu kutumia hofu. Wagonjwa wa kwanza walipojulikana mkoani Kagera mwaka 1983, na hata ugonjwa ulipokuwa umefika katika kila mkoa wa Bara miaka michache baadaye, watu wengi waliujua kwa mifupa na majeneza yaliyochorwa ukutani. Matunda ya michoro ile tuliyaona. Mgonjwa alifichwa chumba cha uani, sahani yake ikatengwa, mjane akafukuzwa, na waliokuwa wazima waliogopa kupima kuliko walivyoogopa ugonjwa. Hofu haimfundishi mtu kujikinga, humfundisha kujificha. Tena hofu haichagui wenye makosa. Anayengoja majibu leo aweza kuwa muuguzi aliyechomwa sindano kazini, au mzoa taka aliyejikata kwa wembe uliotupwa jalalani, au mke aliyegundua jambo katika simu ya mumewe, au binti aliyeshikwa kwa nguvu. Hata kama angekuwa ni mtu aliyekosea, tangu lini adhabu ya kosa ikawa ni kunyimwa maelezo na kunyimwa usingizi?

Zaidi ya hayo, hofu ile ya zamani ilikuwa na sababu ambayo leo haipo. Zamani jibu la "anavyo" lilikuwa jibu la kifo, kwa kuwa dawa hazikuwako, au zilikuwako kwa matajiri tu. Tangu 2004 dawa za kupunguza makali hutolewa bure katika hospitali zetu, na tangu 2016 kila anayekutwa na virusi huanzishiwa dawa bila kungojea adhoofike. Mwenye kuzitumia sawasawa hufikia hali ambayo virusi havionekani tena katika kipimo cha damu, na mtu aliye katika hali hiyo hamwambukizi mwenziwe kwa njia ya kujamiiana. Hufanya kazi, huoa, huzaa watoto wazima, huzeeka. Utafiti wa taifa wa 2022 na 2023 ulionyesha kwamba kati ya watu wazima 100 wa Tanzania, kama 4 wanaishi na virusi. Katika hao wanaoishi navyo, wale waliojua hali zao karibu wote walikuwa wanatumia dawa. Na kati ya kila 100 waliotumia dawa, 94 virusi vyao vilikuwa vimedhibitiwa. Lakini watu kama 17 katika kila 100 wanaoishi na virusi walikuwa hawajui kwamba wanavyo. Hao hawakupungukiwa na dawa. Walipungukiwa na jibu. Na sisi twaamini kwamba wamo kati yao waliowahi kusogea mpaka mlangoni, wakashindwa na kungoja.

Sasa twapenda kusema na wewe ndugu unayengoja. Hatukujui jina wala hatutaki kulijua.

Jambo la kwanza ni la wakati. Ikiwa siku ya hatari haijapita saa 72, usingoje hata dakika moja: nenda hospitali ukaulize dawa ya kuzuia maambukizo, ambayo hunywewa kwa siku 28. Mapema ni bora, na saa 72 zikipita mlango huo hufungwa. Wengi hupoteza siku hizo tatu kwa kulia na kujilaumu, na kilio wangeweza kukiahirisha. Ukiwa unatumia dawa hiyo, tarehe za kupimwa kwako zipange na mhudumu wako, usizikadirie kwa hesabu za mtu mwingine.

La pili, jua ukubwa wa jambo unaloliogopa. Si kila aliyekutana na hatari ameambukizwa. Kwa wastani, katika watu 300 wanaochomwa sindano yenye damu ya mtu mwenye virusi, anayeambukizwa ni kama mmoja. Na kujamiiana mara moja na mwenye virusi mara nyingi hakuambukizi. Hatusemi hivi ili watu wafanye mchezo, maana huyo mmoja ni mtu kamili, na anayerudia hatari kila juma huongeza hesabu yake kila juma. Twasema ili ujue kwamba hofu yako imekupa hesabu moja tu, ya mia kwa mia, nayo si ya kweli.

La tatu, usiusome mwili wako kama kitabu. Anayengoja hutoka jasho usiku, hukosa hamu ya kula, tumbo huharibika, moyo humwenda mbio, naye hushika shingo yake kila saa akitafuta uvimbe. Kisha hujiambia, "Hizi ndizo dalili." Ndugu, wasiwasi peke yake waweza kuyaleta karibu yote hayo kwa mtu ambaye hana kirusi hata kimoja, na wako walioambukizwa ambao hawakuona dalili yo yote kwa miaka. Kipimo ndicho kijuacho. Wala usikae usiku kucha ukitafuta katika simu habari za dalili hizo, kwani utakachokipata ni hofu za watu wengine zikiongezwa juu ya yako.

La nne, walinde wenzako bila kujihukumu. Katika muda huu jizuie, au tumia kondomu kila mara. Wala usiende kutoa damu ili upate kupimwa kwa mlango wa nyuma, maana damu iliyotolewa katika siku za mwanzo yaweza kuvipita vipimo na kumfikia mgonjwa asiye na kosa. Kujilinda huku kunakupa faida nyingine pia: siku yako ya kuhesabia hubaki ni ile ile moja, haisogei.

La tano, mchague mtu mmoja umwambie. Mmoja, si mtaa mzima, wala si sifuri. Awe dada, awe rafiki wa tangu utoto, awe mshauri nasaha wa zahanati. Lakini awe mtu ambaye umekwisha ona akitunza siri ya mwingine. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na wasiwasi nao ni maradhi. Ukiona umefika mahali pa kutaka kujidhuru, au usiku kadha wa kadha umepita bila usingizi, hilo si jambo la kungoja siku ya majibu. Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukamwambie daktari hivyo hivyo kwa maneno wazi. Hospitali zetu hutibu moyo uliolemewa kama zinavyotibu mguu uliovunjika.

La sita, shika kazi. Wako walioacha kibarua, wakagawa vyombo vyao, wakanywa akiba ya mwaka kwa mwezi mmoja, wakisema "ya nini tena?" Kisha jibu likaja kwamba hawana, wakabaki wazima wasio na kazi wala godoro. Pombe hulaza mtu saa tatu ikamwamsha na hofu maradufu. Kazi ya mikono, kwenda kwa miguu jioni, kula hata pasipo hamu, kulala na kuamka kwa saa zile zile: haya ni madogo, lakini siku 90 hujengwa kwa madogo.

La saba, usinunue matumaini. Penye hofu hapakosi mwuzaji. Mwaka 2011 maelfu ya watu, wagonjwa mahututi wakiwamo, walisafiri mpaka kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500. Magari yalipanga foleni kwa siku kadhaa, na wako wagonjwa waliofia njiani wakiingojea zamu. Haikuthibitishwa kamwe kwamba kikombe kile kiliponya UKIMWI. Hatumcheki aliyekwenda, alikwenda kwa sababu alikuwa anaogopa. Twasema tu kwamba mwenye hofu na asafiri kuelekea kwenye kipimo, asisafiri kuelekea mbali nacho.

Na siku ikifika, nenda. Ukiambiwa kwamba unavyo, anza dawa. Leo huko ni kuingia njiani, wala si kufika mwisho wa njia. Ukiambiwa kwamba huna, na miezi mitatu imetimia bila hatari nyingine, basi amini. Twasema hivi kwa sababu kuna maradhi ya pili yanayowapata watu wazima kabisa. Mtu amepimwa mara moja, mara tatu, mara saba, vituo mbali mbali, kila mara jibu moja, naye kila mara hutoka akisema labda wamekosea. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini ung'ongo haugeuki kuwa nyoka kwa kuutazama mara nyingi. Mtu kama huyo haihitaji zahanati ya nane. Anahitaji mtu wa kumsaidia kuuweka chini mzigo wa hofu, na pengine mzigo wa kujilaumu, ambao hakuna tone la damu linaloweza kuupima.

Hatuwezi kupita bila kuwataja wakina mama, maana kungoja kwao ndiko kurefu kuliko kote. Mama anayeishi na virusi huzaa mtoto ambaye damu yake imebeba askari wa mama, na askari hao waweza kukaa hata miezi 18. Kwa hiyo kipimo cha kidole hakimsemei mtoto. Hana budi kuchukuliwa damu kwenye karatasi maalumu, ipelekwe maabara, katika majuma ya kwanza, kisha arudiwe, mpaka anyonyeshe amalize na jibu la mwisho litolewe. Dawa za mama akizitumia vema hupunguza hatari hiyo ikawa ndogo sana. Lakini mama huyo humnyonyesha mwanawe kila siku, mwaka mmoja na nusu, akiwa na swali katika titi lake. Anayemwona amenyamaza kisimani au sokoni asimwite mwenye maringo.

Ndugu majirani, nanyi mna sehemu yenu. Mabibo tunayo Mahakama ya Ndizi. Hatuna haja ya mahakama nyingine ya vibarazani. Mtu akionekana anatoka chumba fulani cha zahanati, kesi husikilizwa jioni ile ile, mashahidi wakatoka hata kwa wasiomjua. Sheria ya UKIMWI ya 2008 imesema kupima ni hiari, na majibu ni siri ya aliyepimwa. Lakini sheria haiwezi kukaa kila kibarazani. Wajumbe wa mashina, ambao watu huwapelekea ugomvi wa maji na wa kodi za nyumba, wangefanya kazi kubwa kama wangekataa tu kupokea habari za namna hiyo na kumwambia mletaji, mbele ya watu, kwamba hazina nafasi hapa.

Kwa waajiri twasema hivi. Sheria ya ajira ya 2004 imekataza kumbagua mfanya kazi kwa ajili ya virusi vya UKIMWI, na hakuna mwajiri mwenye haki ya kumlazimisha mtu apime ili apate au ashike kazi. Hilo liko wazi. Lakini iko dhuluma ndogo isiyoandikwa: mfanya kazi anaomba ruhusa ya saa mbili kwenda zahanati, na msimamizi, mbele ya mstari mzima wa cherehani, anauliza, "Unaumwa nini?" Matokeo yake ni kwamba mtu huipitisha tarehe yake ili asikatwe mshahara, au ili asijibu swali. Twavitaka vyama vya wafanya kazi viliweke jambo hili mezani wanapokaa na waajiri: ruhusa ya zahanati itolewe kwa cheti cha kuhudhuria tu, bila jina la ugonjwa.

Na kwa wenye dhamana ya afya, madai yetu ni machache, wala hayahitaji jengo jipya. Anayeambiwa arudi aandikiwe tarehe kamili, si "baada ya miezi mitatu." Aelezwe kwa Kiswahili chepesi kwa nini anarudi. Aambiwe jina la mhudumu wa kumwendea kabla ya tarehe hiyo kama atazidiwa. Na mtu asipotokea siku yake, atafutwe kwa busara na kwa siri. Twajua kwamba wauguzi ni wachache na foleni ni ndefu. Twajua pia kwamba Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, huduma nyingi za UKIMWI katika nchi kama yetu zilitikisika, kwa kuwa zilikuwa zimeegemea mkono wa mwingine. Fedha zikipungua, cha kwanza kukatwa huwa ni ushauri nasaha, maana maneno hayaonekani katika hesabu za bohari. Sisi twaona huko ni kukosea. Dawa isiyofikiwa na mgonjwa kwa sababu alishindwa kungoja ni dawa iliyooza bohari. Maneno ya dakika kumi ya muuguzi mwenye subira ndiyo yanayomleta mtu kwenye dawa hiyo, na taifa lisiloweza kugharimia dakika kumi za muuguzi wake lenyewe halijajitawala katika afya yake.

Wazee wetu walisema subira yavuta heri. Hawakusema mtu asubiri peke yake. Mgonjwa alipolala, mtaa mzima ulikwenda kumjulia hali. Mfiwa alipolia, tulikaa naye matanga. Anayengoja majibu hana kitanda cha kuendewa wala matanga ya kukaliwa, kwa hiyo desturi zetu zimempita. Basi tuzifikishe kwake kwa njia anayoiweza: kwa kutomhoji, kwa kutomsengenya, kwa kumpa ruhusa yake, kwa kumwandikia tarehe yake, na kwa kumsikiliza siku atakayochagua kusema. Huyu ndugu hajashtakiwa, wala hakuna kesi ya kusikilizwa. Yuko njiani kwenda kuijua kweli, nasi tumpishe apite.